Ziro za Rahel

"Wewe si ndiye uliyeandika ziro hapa, kwa mkono wako—"

"Mzee Zefania, ngoja, nisikilize, hiyo ziro ndiyo inayo—"

"—na kalamu nyekundu, na sahihi chini, halafu unapanda baiskeli unakuja kwangu kuniambia mtoto ana akili."

"—ndiyo inayoonyesha kwamba ana akili."

"Ziro inaonyesha akili."

"Ndiyo."

"Basi mbuzi wangu wote ni maprofesa."

Hiyo ilikuwa nzuri. Zefania alikuwa amekaa kwenye gogo uani kwake, mzinga mpya umelala miguuni, anaupaka nta kwa ndani ili nyuki wakipita wanuse waingie. Nyumba yake iko ng'ambo ya reli, pale Itigi inapoishia na kichaka kinapoanza. Ripoti ya mtihani wa mock wa kidato cha pili ilikuwa chini, ameikandamiza na kisu isipeperuke. Rahel Zefania, masomo tisa, F tisa.

Matano kati ya hayo nafundisha mimi. Niliingia shule ya kata kama mwalimu wa kujitolea wa Fizikia na Hisabati. Mwalimu wa Kemia akahamishwa, nikapewa Kemia. Wa Baiolojia akaenda kujifungua, nikapewa Baiolojia. Jiografia nilipewa kwa sababu siku ya kugawana vipindi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Wanafunzi wananiita Ratiba. Saa mbili naeleza figo, saa tatu nachora volkano, saa nne namwaga maji ya ndimu kwenye magadi wanashangilia povu. Nikiingia darasani hakuna anayejua ni somo gani mpaka nifungue mdomo, na siku nyingine hata mimi sijui.

Kwa hiyo karatasi za Rahel nilizisahihisha zaidi ya nusu, na ndiyo sababu niliona.

Kupata ziro kwenye maswali ya kuchagua ni kazi. Kuna mwanafunzi anaitwa Antipasi, anasinzia kuanzia mstarini mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na kwenye Kemia alipata matatu kati ya kumi. Tena swali moja alichagua herufi E, ambayo haikuwepo. Rahel, aliyekuwa wa kwanza muhula mzima uliopita, hakupata hata moja. Kwenye somo lolote. Hisabati ndiyo ilinifanya niweke kalamu chini. Alikuwa amekokotoa kila kitu kwa penseli akakifuta, ila ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona. Jibu likiwa ishirini na nne, ameandika ishirini na tano. Likiwa saba, ameandika nane. Ukurasa mzima hivyo.

Huku kwetu jambo hilo linajulikana. Mzazi akichoka na shule anamwambia mtoto, nenda kaharibu mtihani urudi nyumbani. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba, akiufeli anarudia darasa, na Zefania alishasema mbele ya mkuu wa shule kwamba hana mtoto wa kurudia. Nikajua nimempata. Nilipanda baiskeli nimejaa maneno ya mkutano wa hadhara.

"Mzee," nikamwambia, "tufanye hivi. Nakupa mtihani."

"Mimi nimeishia la nne."

"Ndiyo vizuri. Nasoma swali kwa Kiingereza, wewe taja herufi tu. A, B, C au D."

"Kiingereza sijui."

"Mzee, usipende kujisifia. Jibu."

Akafuta mikono kwenye suruali. Nikatoa karatasi za Rahel mwenyewe kwenye mkoba, nikamsomea ya Baiolojia, ya Jiografia, nikachanganya na ya Kemia. Alikuwa anafumba jicho moja kila swali, kama mtu anayechagua beberu mnadani. B. Tena B. Hapana, badilisha, weka A. Tulipofika kumi nikamwambia umepata matatu.

"Matatu," akasema. Alijizuia kucheka lakini masharubu yalimsaliti. "Lile la mwezi nililijua."

"Hakukuwa na la mwezi. Lile lilikuwa la minyoo."

"Basi la minyoo."

"Mzee, wewe hujakanyaga sekondari, umebahatisha, umepata matatu. Rahel amekaa pale karibu miaka miwili. Hajapata hata moja. Ili ulikwepe jibu kila mara, lazima ujue limekaa wapi."

Akachukua nta, akairudisha.

"Kama mtu apite kichaka hiki usiku," akasema polepole, "asiguswe na mwiba hata mmoja."

"Ndiyo."

"Huyo anakijua kichaka."

"Ndiyo. Sasa niambie, ulimwambia wewe afeli?"

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Aliniangalia kama nimemwagia mchanga kwenye asali.

"Mimi nilipoiona hiyo karatasi," akasema, "niliingia msituni na ndoo zangu, nikakaa chini ya mzinga mpaka jioni. Sikurina kitu. Halafu wewe unasema ni mimi." Akageuza shingo. "Rahel."

"Namgeuza mama," sauti ikatoka ndani.

"Maliza uje. Au hapana. Mwalimu, ingia umsalimie mgonjwa, tuyamalize humo humo. Asije akasema tulimficha."

Mke wake alipigwa na kiharusi Pasaka. Nilijua hivyo, kama unavyojua habari za jirani, sikuwahi kwenda kumwona. Nikainama mlangoni nikasema shikamoo mama. Mdomo haukusogea, macho yalisogea. Alikuwa amelazwa ubavu, Rahel amepiga magoti nyuma yake, anasukumia mgongoni mto wa gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Chini ya miguu kulikuwa na kanga iliyokunjwa, visigino vinaning'inia, havigusi godoro. Chumba kilinuka sabuni. Nimeshaona wagonjwa wa kulala waliolala muda mfupi kuliko huyo, wana vidonda mpaka mfupa unaonekana.

"Hana kidonda," nikasema.

"Hana," Rahel akajibu. Hakuniangalia.

"Nani alikuonyesha kuweka hivyo?"

"Wewe." Akanyoosha shuka. "Kidato cha kwanza. Ulituambia uzito ukitawanywa eneo kubwa mgandamizo unapungua. Ulisema ndiyo maana kamba nyembamba ya ndoo inakata mkono, ukiifunga kitambaa haikati."

Swali hilo hilo lilikuwa kwenye mock. Rahel alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba eneo likiwa dogo mgandamizo unapungua. Aliandika mstari na nusu. Hakuacha hata nukta.

"Rahel," baba yake akasema kutoka mlangoni, "ulifeli makusudi?"

Akakaa chini, mgongo kwenye kitanda cha mama yake.

"Mmoja lazima abaki, baba. Mama mdogo alikaa, amechoka, amerudi kwake. Kaka Abraham yuko kwenye malori, hata simu hapokei. Felista kamaliza la saba mwezi uliopita, na Felista anapita, hilo tunalijua wote. Nilikusikia unamwambia mama usiku, sijui nimtoe nani." Akavuta kamasi. "Ukaacha kusema. Nikaona nikurahisishie. Nikifeli mwenyewe hutakuwa umenitoa wewe."

Mama aliyelala anasikia kila kitu, hilo nililijua baadaye. Pale niliona tu jicho la upande mzima limejaa maji, na Rahel akalipangusa bila kugeuka, kama anajua saa yake.

Nikasema yale wanayosema watu wanaopita na baiskeli kutoa ushauri. Hakuna shangazi? Hakuna watu wa kanisani wakapokezana? Walipokezana mpaka walipoanza kuandaa mashamba, akasema Zefania, kila mtu ana njaa yake. Nikamwambia, na wewe mwenyewe, mzee, ukikaa naye?

"Nikikaa," akasema, "watakula nini? Hiyo Kemia?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anauliza kweli, labda mimi ninayefundisha masomo matano najua.

Felista akaingia uani wakati huo, ndoo ya maji kichwani, ametoka bombani kule stesheni. Ni mwembamba kuliko dada yake, bado ana sare ya shule ya msingi aliyoigeuza nguo ya kazi. Akapiga goti kidogo, shikamoo mwalimu, ndoo haikuyumba. Nikaitikia marahaba. Zefania alimtazama, akamtazama Rahel, na nikaona uso wake ukilegea, uso wa mtu aliyepewa jibu na mtu aliyesoma.

"Basi imekuwa vizuri mwalimu umekuja," akasema. "Mimi nilidhani huyu ameshindwa. Kumbe hajashindwa. Mtu wa kukipita kichaka bila mwiba huwezi kumfungia ndani. Rahel atafanya mtihani wake Novemba, afanye kweli, aendelee kidato cha tatu. Felista atabaki na mama yake."

"Mzee, sikuja kwa ajili ya—"

"Ulikuja kwa ajili gani?"

"Nilikuja Rahel asome."

"Si ndiyo anasoma."

Felista alitua ndoo. Aliitua vizuri, mikono miwili, akaifunika na sinia ili kuku wasiyanywe maji.

"Sawa baba," akasema, akaingia jikoni. Tukasikia anavunja kuni. Afadhali angelia, ningepata cha kubembeleza.

Ndani mama yao alitoa sauti, sauti ya koo tu, ndefu, haina neno. Zefania akaenda mlangoni akamwambia kitu kwa kilugha, taratibu, mara mbili. Sauti haikukoma.

Nilikusanya karatasi zangu. Lile la minyoo lilikuwa juu. Nilikuja pale na mtoto mmoja wa kutolewa shule, naondoka na mtoto mmoja wa kutolewa shule. Nilikuwa nimembadilisha tu, na nilikuwa nimemfanyia baba yao mtihani wa kuchekesha ili nifanye hivyo.

Zefania alinipa chupa ya asali. Nilikataa, akaifunga mwenyewe kwenye keria ya baiskeli kwa mpira. "Umefanya kazi," akasema. Halafu akamwambia Rahel msindikize mgeni.

Tulitembea mpaka kwenye reli, mimi nasukuma baiskeli, yeye upande wa pili wa usukani. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukasimama. Ni ndefu ile, unaweza kufikiria mambo mengi ikipita, na mimi nilikuwa najaribu kutofikiria hata moja. Nikaanza kumwambia kwamba nitaongea na mkuu wa shule, kwamba kuna namna, kwamba Felista anaweza kusoma jioni nikija mimi mwenyewe. Mabehewa yalikuwa yanapiga kelele, sijui alisikia.

Behewa la mwisho likapita.

"Baba umemfundisha vibaya," akasema.

"Nini?"

"Ile ya matatu. Alikuwa hajui. Sasa Novemba nikipata F zote atajua nimefeli makusudi tena, na Felista hatamtoa jikoni."

"Rahel, Novemba unafaulu. Tumemaliza hilo."

Alikuwa anafikiri, nimeshaona anavyofikiri, anakunja kidole kimoja kimoja kama anapanga hesabu.

"Antipasi anafanyaje?"

"Antipasi hafanyi. Anabahatisha."

"Mimi siwezi kubahatisha. Nikisoma swali jibu linakuja lenyewe, hata nisipotaka." Akashika usukani wa baiskeli, upande wangu, ili nisiondoke. "Wewe ndiye unayesahihisha, unawajua wanaofeli kweli. Unajua wanakosea wapi, wanapata wapi, wanaanza vizuri halafu wanapotelea wapi. Kuna muda mpaka Novemba. Naomba unifundishe kufeli, mwalimu. Masomo yote. Kama mtu aliyejaribu."