Ukurasa wa Tovuti Yetu Wenyewe

Nina hasira, na nitaeleza nikiwa nayo, maana nikingoja ipoe nitaanza kuwatetea watu, na kuwatetea watu ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina mashine mbili, meza ya kukatia, pasi nzito na kioo kirefu ambacho wateja hujitazama wakaninunia mimi, utadhani matumbo yao nimeyashona mimi. Mwezi ule nilikuwa na gauni la binti yangu mezani: jeupe, mikono hadi kwenye vifundo, shingo imefunikwa, halionyeshi mwili wala haliburuti nyuma. Sisi ni wale ambao watu wa nje hutuita Wamormoni, na gauni lile lilikuwa la kuingia nalo hekaluni, ambako yeye na mchumba wake wangeunganishwa wawe mume na mke hata baada ya kufa. Huko haingii mtu bila kadi. Uwe mama mzazi, uwe nani, kama huna kadi yenye saini ya askofu, utamwona bwana harusi akitoka, hutamwona akiunganishwa. Kadi yangu ilikuwa inaisha muda wake kabla ya harusi, kwa hiyo nilihitaji kuhojiwa upya. Sikuwa na wasiwasi. Maswali yale nimeyajibu kwa miaka ishirini na tatu.

Kwetu askofu hasomei uaskofu. Huitwa tu kutoka miongoni mwetu, akaendelea na kazi yake. Wetu ni fundi bomba, mtu mpole, ambaye ukimkuta kazini hukupa kifundo cha mkono umsalimie kwa sababu kiganja kimejaa grisi. Alinipigia simu akasema vijana wawili wameacha kuja ibadani na mama mmoja ameanza kuuliza maswali yasiyoisha, yote kwa sababu ya tovuti zinazoandika historia ya Kanisa ili kuwayumbisha waumini. Aliniomba Jumapili ya mfungo, katika saa ya pili, ile ya madarasa baada ya ibada, niwafundishe kina mama kuhusu sumu hiyo.

"Wewe usizifungue, dada," alisema. "Waambie tu wasizifungue."

Mimi sikujaliwa ufundi wa namna hiyo. Mteja akiniletea koti akasema linabana, simpi pole. Naligeuza ndani nje, nafumua mshono, natafuta palipokosewa. Basi Jumanne saa nne asubuhi, kati ya mwenye suruali na mwenye mapazia, nilifungua tovuti mojawapo kwenye simu. Nilikuwa na daftari pembeni ili nijibu hoja moja moja. Nilijiambia kwamba leo watanikoma.

Hoja mbili za kwanza nilizijibu nikiwa napiga pasi. Ya tatu ilisema kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka mwaka 1978, wanaume weusi hawakupewa ukuhani, ambao kwetu hupewa kila mwanamume mwaminifu, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, hawakuruhusiwa kuunganishwa hekaluni. Nilicheka. Uongo huo nilishausikia, na nilishaunyamazisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Chini yake kulikuwa na kiungo cha ushahidi. Nikakibonyeza nione wameutoa kwa mlevi gani.

Ikafunguka tovuti ya Kanisa. Yetu. Jina letu lilikuwa juu, kwa herufi zilezile zilizo kwenye jalada la kitabu changu cha kufundishia. Kanisa lenyewe lilikuwa limeandika kwamba ndiyo, ilikuwa hivyo, na kwamba sababu walizokuwa wakizitoa watu wa zamani kuhusu rangi yetu leo zimekataliwa. Wala haikufichwa. Ilikuwa pale miaka yote hiyo. Za maadui nilikatazwa kuzisoma, na ya kwetu nilikuwa naifungua kutafuta nyimbo tu.

Niliisoma mara tatu. Suruali ya mteja iliungua gotini, na harufu ndiyo iliyonishtua.

Sasa niseme habari za mdogo wangu. Tumetoka tumbo moja, ni fundi wa redio na televisheni, mrefu na mwembamba, na kwa vyote viwili watu humwita Antena. Miaka minane iliyopita alikuwa mwanafunzi katika darasa langu la Jumapili. Siku moja aliniuliza, kwa adabu zake zote, kama ni kweli kwamba kabla ya mwaka 1978 baba yetu asingepewa ukuhani. Nilimwambia aache kuokota maneno barabarani. Jumapili iliyofuata akaja na karatasi iliyochapwa, akaninyooshea. Sikuipokea. Nilikunja mikono kifuani mbele ya darasa zima mpaka akaishusha.

Kisha ikaja Jumapili ya mfungo. Siku hiyo mara moja kwa mwezi hakuna mahubiri wala anayepangiwa kusema. Mimbari inakuwa wazi, na yeyote anayesukumwa moyoni huinuka, husogelea kipaza sauti, husema "najua kwamba", na kutoa ushuhuda wake. Niliinuka mimi. Nikasema najua kwamba Kanisa hili ni la kweli, na najua kwamba kati yetu yuko mwongo anayetumiwa na adui, na mwongo huyo ni mdogo wangu. Antena alikuwa safu ya nne, karatasi yake imekunjwa mfukoni mwa shati. Aliinuka akatoka. Watu wa kanisani wakaacha kumpelekea redio zao. Tulipomzika baba alisimama ng'ambo ya kaburi na kuondoka kabla ya sala ya mwisho. Binti yangu, aliyempenda mjomba wake kupita kiasi, nilimkataza kukanyaga kwake.

Na ile karatasi niliyokataa kuipokea, sasa naikumbuka vizuri. Juu yake kulikuwa na jina letu.

Jumamosi alasiri nilikwenda kuhojiwa. Ofisi ya Askofu ni chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye meza, viti viwili na kabati la vitabu vya nyimbo. Alikuwa ametoka kazini, ameacha buti mlangoni. Kabla hajaanza nikaweka simu mezani, ukurasa ukiwa wazi. Aliutazama kidogo tu, akanirudishia, na kwa jinsi alivyonirudishia nikajua kwamba si mara yake ya kwanza kuuona. Alisema alilijua jambo hilo tangu ujana wake, alipokuwa mmisionari. Alisema lilishapita, Mungu ana wakati wake, na watu wazima hawafukui mambo. Aliongea taratibu, kama anavyoongea na wenye nyumba ambao maji yameingia sebuleni.

Nilimsubiri amalize. Miaka minane iliyopita yeye hakuwa askofu, alikuwa mshauri wa askofu aliyepita, na washauri hukaa jukwaani.

"Siku ile ulikuwa umekaa nyuma yangu," nikamwambia. "Ulijua kwamba Antena anasema kweli?"

Alisugua kiganja kwa kidole gumba. "Nilijua."

"Ukaniacha nimwite mwongo."

"Sikutaka kuvuruga ibada, dada."

Kuvuruga ibada! Nilipandwa na hasira mpaka nikasikia masikio yanavuma. Mtu kavurugiwa kazi, kavurugiwa ukoo, kamzika baba yake kama mpita njia, na huyu bwana alikuwa analinda utulivu wa saa moja ya Jumapili. Angenivuta sketi tu. Angekohoa tu. Ningekuwa nimemsamehe hata kama angejifanya anazimia. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo siyaandiki, naye akainamisha kichwa akangoja nichoke. Nilipochoka akafungua kijitabu cha maswali na kuanza mahojiano.

Nilijibu la kwanza, la pili, la tatu. Akafika kwenye lile linalouliza kama unajitahidi kuwa mwaminifu katika yote unayofanya. Miaka ishirini na tatu nimelijibu kabla hajafika mwisho wa sentensi. Safari hii aliimaliza. Niliwaza gauni lililotundikwa nyumbani, pindo lake bado limeshikizwa kwa pini. Niliwaza chumba cheupe, binti yangu akigeuza kichwa kunitafuta, maana baba yake alishafariki, na mimi ndiye mzazi pekee aliyebaki wa kutafutwa.

Askofu akashusha sauti. "Sema ndiyo tu, dada. Mtoto aolewe."

Nikasema ndiyo.

Akatia saini. Bado ilibaki saini ya kiongozi wa juu, ambayo alisema angeifuatilia kwa simu jioni ileile. Akaniomba kesho nifundishe somo langu bila kugusa habari za Antena, nikasema sawa. Nilitoka na kadi mkobani nikiwa najidharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote, na mimi nimewadharau wengi.

Kesho yake nilikaa safu ya pili, binti kulia kwangu na mchumba wake kando yake. Baada ya mkate na maji ya sakramenti mimbari ikafunguliwa. Bibi mmoja alishukuru kwa goti lililopona. Baba mmoja alishukuru kwa kazi mpya. Nilikuwa nimeapa kutobanduka kwenye kiti. Kisha akainuka msichana wa miaka kumi na saba hivi, mwanafunzi wangu, nadhifu, nywele zimebanwa vizuri. Alisema najua kwamba zile tovuti ni uongo mtupu, na najua kwamba wanaozisoma wanatumiwa na adui. Hakuwahi kufungua hata moja, nilijua. Maneno yalikuwa yangu. Aliyarudia kwa mkato wangu, mpaka na kule kupumzika kidogo kabla ya neno adui, na waumini wakaitikia amina.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka binti yangu alinishika mkono akifikiri nakwenda msalani.

"Najua kwamba miaka minane iliyopita nilisimama hapa nikamwita mdogo wangu mwongo," nikasema. "Najua kwamba hakusema uongo. Alichokisema kipo kwenye tovuti yetu wenyewe, msikitafute kwa maadui. Najua kwamba aliniletea karatasi nikakataa kuisoma. Na najua kwamba jana niliulizwa kama mimi ni mwaminifu, nikasema ndiyo ili nipate kadi."

Nikaitoa mkobani nikaiweka juu ya mimbari. Askofu alikuwa nyuma yangu, palepale. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba alikuwa anatazama viatu vyake. Nilishuka bila kusema amina, na hakuna aliyenisaidia kuisema.

Binti yangu alinifuata nje hadi kwenye mabomba ya kunawia. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kumfanya.

"Ni wiki mbili tu, mama," alisema. "Ulishindwa kungoja wiki mbili?"

Nilimwambia mjomba wake amengoja miaka minane. Akasema mjomba si yeye aliyekuwa anaolewa. Nimelitafutia jibu neno hilo kila siku tangu wakati ule na sijalipata, na hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu hakukosea.

Gauni nililimaliza. Alikuja kulijaribu, akasimama juu ya kigoda mbele ya kioo, mimi nimepiga magoti nashika pindo. Nilikuwa na pini mdomoni, na nilizikawiza humo kwa makusudi.

Siku ya harusi waliingia saa tatu na nusu. Nilikaa kwenye benchi la bustani, nje ya hekalu, nimevaa nguo yangu nzuri na mkoba umewekwa magotini. Watu wa kanisani kwetu walipita wakinisalimia kwa kasi. Msichana yule wa ushuhuda alisimama kidogo, akataka kusema kitu, mama yake akamvuta mkono.

Antena akaja. Binti alikuwa amemwalika kwa ajili ya picha, bila kuniambia. Ameota mvi pembeni mwa kichwa na mimi sikuwepo zilipokuwa zinaota. Alikaa upande wa pili wa benchi, kati yetu pangetosha watu wawili.

"Nimesikia ulisema," akasema.

"Nilisema."

"Bado nina hasira na wewe, dada."

Nikamwambia ana haki, na kwamba asiharakishe. Nikamwambia pia kwamba askofu wa sasa alikuwa jukwaani siku ile, anaijua kweli, akanyamaza. Mtunza bustani alikuwa anavuta mpira wa maji kutoka ua mmoja hadi mwingine. Humo ndani, wakati uleule, mwanangu alikuwa amepiga magoti na gauni nililolishona mimi, na kiti cha mama yake kilikuwa kitupu au kimekaliwa na mtu. Nililia kwa hasira, bila kujificha, na Antena alinitazama nikilia bila kunisogelea.

Kisha akauliza ni nani anayesimama upande wa binti, maana alikumbuka kwamba hekaluni lazima wawepo mashahidi wawili wa ndoa, na baba yake hayupo. Nikamwambia mmoja ni baba wa bwana harusi.

"Na wa pili?"

"Askofu. Yule fundi bomba."

Antena alitazama mlango wa hekalu.

"Kumbe huwa anashuhudia," akasema.

Hakucheka, wala mimi sikucheka.