Simu kwa Djaanfar

Kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta kubwa ya duka lao la intaneti pale Mahajanga iliwaka bila mtandao, na Ansoifa akachukua simu kumpigia Djaanfar. Walisoma pamoja Nosy Be. Sasa Djaanfar alitunza kompyuta za hoteli moja Ambondrona. Alikuwa akimsomea amri ndefu ya kupakia kwa mkono moduli ya kadi ya mtandao, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi hiyo, Ansoifa anaiandika, mtandao unarudi. Hilo halikumchoma mumewe, Mroivili. Kilichomchoma ni vile vicheko. Wale wawili walizungumza Kikomoro cha kwao, naye, aliyelelewa kwa Kimalagasi, aliambulia nusu tu.

"Mnacheka nini?" aliuliza.

"Mambo ya shule tu, Baba Sitti."

Wivu ukampanda. Akaapa simu ile itakosa sababu.

Ijumaa, Ansoifa alipokwenda kumwona mamake, Mroivili alifunga duka akaketi mbele ya mashine. Aliiagiza Linux, mfumo unaoendesha mashine ile, ipakie moduli kwa jina tu; ikajibu kwamba haipo. Akaangalia kwenye folda: faili limo. Limo, na halionekani? Alihangaika mpaka chai ikapoa, ndipo akaelewa. Walipoweka kiini kipya cha Linux, moduli ile waliinakili kwa mkono, na hakuna aliyeitengeneza upya faharasa ya moduli, orodha inayoonyesha kila moduli iko wapi. Mfumo ukiwaka unasoma faharasa, hauoni jina, unapita zake. Amri ya Djaanfar ilifaulu kwa kuwa ilitaja njia nzima mpaka kwenye faili. Ilituliza homa, ugonjwa ukabaki.

Akaandika depmod -a, amri ya kuitengeneza upya faharasa hiyo, akaiwasha mashine upya. Mtandao ukaja wenyewe. Jioni akamwambia Ansoifa kwamba ameshaitengeneza.

Jumatatu umeme ulikatika, ukarudi. Ansoifa alitazama skrini, kisha akachukua simu vilevile.

"Mtandao si upo?" Mroivili alisema. "Unampigia ya nini?"

"Nimwambie mume wangu ameitengeneza. Hotelini kwake wana shida hiyohiyo, naye hajui dawa yake ya kudumu." Akampa simu.

Angeweza kusema amesahau; uongo huo ulikuwa ulimini tayari. Lakini Ansoifa alikuwa akimtazama, uso umemkunjuka kwa fahari. Basi akaeleza yote kwa Kifaransa, polepole, na Djaanfar akashukuru.

"Siku nyingine ikikwama," Mroivili akasema, "nipigie mimi."

Akaitaja namba yake, akamtaka Djaanfar airudie.