Bwana Shamba Ndani ya Tenga

Siku Yunis alipofariki, chai aliyoichuma asubuhi ilifika kwenye mizani bila yeye. Jua lilipotoka alivua sweta lake, akalikunja na kuliweka ndani ya tenga upande wa mgongoni, kama alivyozoea. Kisha akakaa ukingoni mwa shamba, mkono kifuani, akamwambia jirani yake Mwanaisha, "Nipelekee tenga langu, majani yasije yakaharibika. Nakuja polepole."

Hakuja. Mwanaisha alipima majani ya watu wawili, akarudi na kumkuta amelala ubavu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Katika zogo la msiba hakuna aliyelikumbuka tenga. Lilibaki kwa Mwanaisha, limetundikwa ukutani, naye baada ya mazishi akateremka kijijini Mnazi kumuuguza mama yake.

Aliyekumbukwa ni paka. Yunis hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa na dume mzee, sikio moja limechanika, aliyemwita Bwana Shamba kwa sababu kila asubuhi alipita matuta ya kabichi akitazama jani moja moja kana kwamba ametumwa kutoka wilayani. Matanga yalipoanuliwa, Dorkasi, mdogo wake Yunis, alisema mbele ya wanawake wote, "Vitu gaweni. Paka namchukua mimi."

"Paka wa umri huo hahamishiki, mama Marta," mmoja akamwonya. "Utamchosha, naye atakuchosha."

"Acha anichoshe."

Tangu mazishi alikuwa akijiambia kwamba katika dunia nzima kilichobaki cha dada yake chenye pumzi ni yule paka, na akimpoteza huyo pia hatajua aseme nini kwa mtu yeyote.

Tatizo lilikuwa nyumba. Kijiji kilikuwa kimeamua nyumba ya Yunis iwe ghala la mbegu na mbolea za shamba la ujamaa, na panya walikuwa wameshaanza kuzionja mbegu. Nikodemo, balozi wa nyumba kumi, alimweleza Dorkasi bila kuzunguka.

"Jumamosi naweka sumu. Nachanganya na dagaa. Paka wako akirudi huku, akila dagaa amekwisha. Akila panya aliyekula dagaa, amekwisha vilevile."

"Hatarudi, balozi."

"Mwambie yeye, usiniambie mimi. Sumu haiulizi kadi ya TANU."

Dorkasi alifanya kama mama yao alivyowafundisha. Paka anayehama hatakiwi kuiona njia, kwa hiyo alimtia guniani, akavuka bonde, na kila penye njia panda alijizungusha ili mnyama apoteze mwelekeo. Kwenye njia panda ya mwisho alizunguka mpaka kichwa kikamwuma, akashika njia ya kanisani badala ya ya kwake, ikabidi arudi.

Alifunga mlango na dirisha, akafungua gunia. Bwana Shamba alitoka, akaruka juu ya uchaga uliokuwa juu ya moto, akajibanza nyuma ya mahindi. Hakushuka. Maziwa yaliganda kwenye kisahani. Dagaa walikauka. Dorkasi alimtandikia kanga ya Yunis, ile ya maua mekundu. Paka alinyoosha shingo, akanusa, akageuza uso.

Hapo ndipo Dorkasi alipojiona mjinga. Siku ya matanga nguo za marehemu hufuliwa zote kabla ya kugawiwa, na zile alizifua yeye mwenyewe. Wenzake walikuwa wakisuuza tu. Yeye alizipiga jiweni mpaka povu likaenda na maji, akarudia, kana kwamba anashindana na mtu. Sasa kanga ilinuka sabuni. Haikuwa na Yunis hata kidogo.

Siku zilipita, moshi ukajaa chumbani. Mumewe Timotheo alikohoa macho yakamtoka machozi.

"Mama Marta, hebu niambie. Tunamfuga paka au tunajikausha sisi kama samaki?"

"Vumilia baba Marta. Nikifungua atakwenda kule."

"Nimekuoa wewe, sikuoa ukoo mzima mpaka na paka wake," alisema, lakini alicheka kidogo, na kesho yake alimletea Bwana Shamba kipande cha ini. Nacho hakikuliwa. Mbavu za paka zilianza kuonekana. Dorkasi aliziangalia akaelewa kwamba akiendelea kumfungia atakufa kwa njaa, na akimfungulia atakufa kwa sumu.

Jumamosi asubuhi Timotheo alipaliwa na moshi. Alifungua mlango apate hewa, mara moja tu, na kitu cha kijivu kikapita kati ya miguu yake.

"Dorkasi!"

Mkewe alikuwa ameshatoka mbio. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hatua kumi mbele. Aliteremka bondeni akiteleza kwenye udongo mwekundu, akavuka kijito bila kutafuta mawe, akapanda upande wa pili pumzi ikimkata. Aliita, "Bwana Shamba! Bwana Shamba!" Mtu mmoja aliyekuwa akilima alisimamisha jembe, akauliza kama kuna ugeni wa wilaya.

Alimsikia kabla ya kumwona. Paka alikuwa mbele ya mlango wa Yunis, sasa una kufuli, akilia sauti nene isiyokuwa ya paka. Hatua chache kando yake Nikodemo alikuwa amechuchumaa, kitambaa puani, akikoroga dagaa kwa kijiti ndani ya kopo.

"Shikamoo balozi. Tafadhali, usisogee."

"Marahaba. Mimi sisogei. Yeye ndiye ameanza kunusa hewa."

Dorkasi alivua kanga, akamtupia. Paka alipambana, akamchana mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo, lakini Dorkasi hakumwachia.

Nikodemo alitazama damu, akatazama kopo. "Nangoja mpaka uvuke kijito," alisema kwa upole. "Kisha naweka. Siwezi kungoja mara ya pili, mama. Mbegu ni za watu wote."

"Najua."

Mchana huo Mwanaisha alirudi kutoka Mnazi, akaja moja kwa moja, tenga mgongoni.

"Hodi! Shoga, naona aibu. La dada yako hili, limekaa kwangu wakati wote huu. Kha! Mkono huo umefanya nini, umepigana na chui?"

"Na Bwana Shamba."

"Basi afadhali chui."

Dorkasi alipokea tenga. Chini, limebanwa upande wa mgongoni, lilikuwa sweta la kijani. Halikuwa limefuliwa. Alilinyanyua mpaka usoni, na Yunis akawa pale: moshi, jasho, utomvu wa majani mabichi. Mwanaisha akageuka, akajifanya anatazama kuku.

Angeweza kulifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka sandukuni, akawa analinusa siku moja moja. Alilifikiria sana jambo hilo. Juu ya uchaga, nyuma ya mahindi, paka alikuwa amesimama, pua ikicheza.

Dorkasi alilirudisha sweta ndani ya tenga, akaliweka tenga chini, akasogea nyuma hadi ukutani.

Paka alishuka. Alizunguka tenga, akatia kichwa, kisha mabega, kisha mwili wote. Alikandakanda kwa miguu ya mbele, manyoya yakinasa kwenye nyuzi, na jioni alikula dagaa akiwa humohumo.

Jumapili kengele ya kanisa ilipolia, Dorkasi alifungua mlango wazi. Bwana Shamba alitoka mpaka kizingitini, akatazama upande wa bonde, sikio lile zima likiwa limesimama. Timotheo alitaka kusema neno, mkewe akamzuia kwa kidole. Paka alikaa. Akajilamba bega. Kisha akageuka, akarudi ndani ya tenga.

Sumu bado iko ghalani, na Bwana Shamba hukagua kabichi za Dorkasi. Dorkasi anachumia chai kwenye tenga la kuazima. Sweta sasa linanuka paka, naye halifui.