Kasuku wa Kabatini

Pikapu ilikuwa imeshawashwa, godoro limefungwa kamba, kaka yake muuguzi anapiga honi, lakini muuguzi mwenyewe alikataa kupanda kabla kabati lake halijapakiwa. Mumewe, fundi seremala, alilishika upande mmoja. Ndani, kasuku jike alikuwa ameatamia mayai juu ya sare za kazini, akawafokea wote.

"Shikilia mlango, shemeji," kaka mtu alisema. "Huyu mama ana mdomo kama koleo."

Kabati lilitokana na mti mkuukuu wenye pango. Kasuku wa msituni hawajichongei tundu. Hutafuta mti uliokwisha kuliwa na uzee, na mwaka ukizunguka hurudi palepale. Mti ulipogeuka kabati, wakarudi kabatini. Dume, kijani mwili mzima na paji jekundu, aliingia kwa dirisha la jikoni kumlisha mwenzake mdomo kwa mdomo. Jike huatamia karibu mwezi, na makinda hukaa zaidi ya miezi miwili ndipo waruke. Muda wote huo muuguzi alitundika nguo kitini, na wagonjwa walimuuliza nani anampaka chokaa mabegani. Kila nyumba iliyonunua kabati kwa fundi ilikuwa hivyo. Walipokuja kulalamika aliwauzia komeo. Kasuku walitafuna mbao, komeo wakaliacha.

"Nimekuomba kitu kimoja tu," muuguzi alisema, mguu mmoja garini. "Ule mti wa pango uliobaki kule juu, uache. Wao wapate kwao, na mimi nipate kwangu. Ukiuacha, narudi."

"Mti wenye pango si mti, bibie. Ni kibuyu."

"Haya, kaa na vibuyu vyako."

Pikapu ikaondoka, dume akiifuata kwa juu na makelele yake.

Ukweli usemwe, fundi alimpenda mkewe. Nyumba ilimpwaya. Aliwaza usiku na mchana, mwisho akaliona tatizo: mke hana pa kutundika nguo. Basi akapanda msituni na msumeno, akauangusha mti uliobaki, akaunda kabati pana kuliko la kwanza, akalipiga vanishi likang'aa, akampelekea kwa kaka yake.

Muuguzi alifungua. Jozi mbili za kasuku zilikuwa zinagombania rafu ya juu.

"Hizi mbao za mti upi?"

"Si ulikuwa na shida ya nafasi?" fundi alisema.

Muuguzi aliurudisha mlango taratibu, asiwashtue.

Hakurudi kwa mumewe. Alipanga chumba karibu na hospitali, akapigilia misumari ukutani, nguo zake akazitundika hapo. Kaka mtu alibaki na makabati yote mawili. Hulala na pamba masikioni. Makinda wa kabati la kwanza waliruka salama, na sasa huonekana jioni wakijaribu droo za watu. Fundi alipata kazi ya kutengeneza madawati ya shule, mbao zikitoka msitu wa ng'ambo ya mto. Msimu wa kuatamia ukifika, wanafunzi huambiwa waweke madaftari sakafuni.