Gari Linalorudi Jioni

Mzee Ayubu aliuweka ufunguo mezani, katikati ya vikombe vya chai, akauacha pale.

"Fiati ni yako," akasema. "Mshahara mara mbili ya ule wa chama cha ushirika. Posho ya safari unapewa mkononi kabla hujawasha injini. Na abiria unaowaokota njiani ni wako, mimi siulizi."

Hiyo ilikuwa Bukoba, mwaka 1987. Leseni yangu ya magari makubwa ilikuwa mpya kabisa, na madereva wapya wengine wangemwendea Ayubu kwa magoti wapate nusu ya hayo. Mimi sikuugusa ufunguo. Lori lile la Fiati nililijua. Dereva wake alikuwa Rugaibula, na Rugaibula tulikuwa tumemzika kabla ya masika.

Rugaibula ndiye aliyenifundisha usukani. Wakati wa vita, malori ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka unga na maharage mpakani. Yeye aliendesha mojawapo, mimi nilikuwa mpakiaji mizigo, Msukuma niliyekuja kutafuta riziki katika nchi ya migomba. Tukirudi bila mzigo kutoka Kyaka alinipisha kwenye kiti chake. "Gari halitaki nguvu, Masalu," alikuwa akisema. "Lisikilize." Hakunigombeza hata siku nilipoliingiza mtaroni huku mizinga ikinguruma kwa mbali. Alishuka, akacheka, akatafuta mawe ya kuweka chini ya gurudumu.

Vita vilipokwisha yeye alishika njia ndefu ya Dar es Salaam, mimi nikaenda visiwa vya Muleba kupakia samaki. Niliporudi kwa kusikia anaumwa, nilimkuta amebaki mifupa na macho. Watu waliunong'ona ugonjwa ule, ukimwi, kwa jina la Juliana, na salamu zao walizitolea mlangoni. Aliyekaa kitandani kwake ni mkewe, Anatolia.

Anatolia alikuwa na mgahawa mdogo karibu na stendi ya Muleba, na binti wa miaka mitano, Kokuhirwa. Baada ya msiba niliendelea kula pale. Waliosema kwamba sikufuata chakula hawakukosea.

Nilipomweleza habari ya kazi mbili alikuwa anasugua masufuria. Kazi ya pili ilikuwa ya chama cha ushirika: lori kuukuu la Bedford la kukusanya kahawa Kishanda, Rubya na vijiji vya jirani, kuifikisha kiwandani Bukoba na kurudi. Mshahara mdogo, na huo mdogo wenyewe ulisubiri mpaka msimu wa kahawa.

"Chukua Fiati, shemeji," akasema bila kugeuka. "Bado kijana. Ujenge kwenu, uoe."

"Na kama ninayetaka kumwoa yuko hapa?"

Akaliweka sufuria chini polepole.

"Waitu, jamani Masalu. Rugaibula si ulimwona? Unadhani mimi ameniachia nini? Usiharibu maisha yako kwa mtu ambaye mwakani huenda hayupo."

Nikachukua Fiati. Nilikubaliana na Ayubu iwe safari moja ya majaribio, kisha tuzungumze.

Nami niliipenda barabara ile. Niliipenda namna migomba ilivyobaki nyuma na anga kupanuka mbele ya Biharamulo, namna watoto walivyopunga mikono kana kwamba nimewaletea kitu. Posho ilijaa mfuko wa shati. Nilikula nyama kila nilipotaka. Lakini jioni zilipoingia, na injini ikizimwa, nilikuta jambo ambalo Rugaibula hakunifundisha: mahali pote pale hapakuwa na mtu wa kuuliza kama nimeshinda salama. Alikuwepo tu wa kuuliza kama nataka chumba, na kama nataka chumba cha peke yangu.

Nzega, asubuhi, mama mmoja muuza chai aliiona Fiati ikiegeshwa, akaja mbio akitabasamu, mtoto mgongoni. Aliponiona mimi nikishuka, tabasamu likakatika. Tulizungumza Kisukuma. Aliitwa Minza.

"Mwenye gari yuko wapi siku hizi?"

Alimfungua mtoto, akamsimamisha chini. "Mwambie anatembea."

Na kweli alitembea. Alikwenda mpaka kwenye gurudumu, akaliwekea kiganja, akainamisha kichwa. Paji lile la uso lilikuwa la Rugaibula. Hata ile namna ya kuinama, kama mtu anayesikiliza.

Ningeweza kusema amehamishwa njia. Nilimtazama yule mama, nikaona kwamba uongo huo ungemfanya aikimbilie Fiati ile mpaka mtoto awe mkubwa.

"Dada, Rugaibula amefariki."

"Kwa ugonjwa gani?"

Nikamwambia na hilo pia. Aliketi kwenye kreti ya soda, akamvuta mtoto magotini. Baadaye alinimiminia chai, akakataa malipo. "Wengine wangepita tu," akasema.

Sikumlaumu Rugaibula. Naye alikuwa mtu, na jioni za barabara ile ni nyingi.

Niliporudi Bukoba nilimrudishia Ayubu ufunguo wake. Akacheka, si kwa ubaya. "Chama kitakulipa maharage."

"Najua, mzee."

"Mwanamke?"

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa kama anayetazama mtu akitumbukiza sarafu ziwani.

Anatolia nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, Nzega na Minza na mtoto. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Msichana?"

"Msichana."

"Anafanana na huyu?"

"Paji la uso."

Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mkononi alishika magauni mawili yaliyokuwa yamembana Kokuhirwa. Aliyakunja juu ya paja lake, akiyalainisha kwa kiganja.

"Kuna dereva wa njia ile unayemwamini?" akauliza.

Tulifunga ndoa bila ngoma. Muuguzi mmoja wa misheni alitufundisha namna ya kuishi pamoja bila mimi kuambukizwa, nasi tukamsikiliza. Madereva wa Ayubu walijenga nyumba za matofali, na baadhi yao hawakuwahi kulala ndani yake. Mimi nililipwa kwa kuchelewa, na mwaka mmoja nililipwa maharage kweli. Anatolia alifariki msimu wa senene, mwaka 1992, asubuhi, kichwa chake kikiwa mkononi mwangu. Siku hiyo sikwenda kazini, na mwenyekiti wa chama hakuniuliza. Kokuhirwa leo ni mwalimu katika shule ya Kahororo. Ananiita Tata, yaani baba.

Lakini nikimkumbuka mama yake, asubuhi ile si ya kwanza kunijia. Inanijia siku ya kwanza ya Bedford.

Nilirudi jua likiwa bado juu ya migomba, vumbi la kahawa limejaa masikioni. Anatolia alikuwa nyuma ya nyumba, anasuka nywele za mtoto. Aliponiona alisimama ghafla.

"Kuna nini? Gari limeharibika?"

"Hapana. Kazi imekwisha."

"Imekwisha?"

"Ya leo. Kesho nitakwenda tena."

Alinitazama kama niliyesema Kisukuma.

"Sijapika," akasema hatimaye. "Sikujua kwamba mtu wa gari anarudi siku ileile."

"Basi tupike."

Akaleta mkungu wa ndizi na visu viwili. Kwetu ndizi hatumenyi, na hata pale kwao mwanamume hakumenya. Ya kwanza niliikata nusu nzima ikaenda na maganda. Kokuhirwa akaangua kicheko, na mama yake, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Wee Masalu! Lete hapa hiyo mikono."

Akachovya vidole katika kopo la mafuta, akanipaka ili utomvu usinigande, kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote.