Nin na Ninka

Ugbad alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Garissa, na kazi yake aliipenda. Kisomali kikiingia sikio moja, Kiingereza kilitoka mdomoni, kisha kikarudi kinyume, mchana kutwa, mpaka jioni akifika nyumbani hataki kusemeshwa na mtu. Kesi za mifugo ndizo zilizomchosha zaidi, kwa sababu kila aliyehusika alikuwa na ndugu ukumbini, na kila ndugu alikuwa na jambo la kusema.

Siku hiyo aliyesimama kizimbani alikuwa Diba, kijana mchungaji, akishtakiwa kwa kuiba ngamia kwenye kisima kimoja nje ya Habaswein. Mama yake, Sahara, alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono imeshikana mapajani. Shahidi alikuwa Mzee Adow, mwenye ngamia hao. Alisimama wima kama mkuki na akajibu maswali bila kujizungusha.

"Nilipofika kisimani," alisema kwa Kisomali, "nilimwona *nin* anawaswaga ngamia wangu kuelekea vichakani."

Ugbad akatafsiri: *I saw a man*.

Mwendesha mashtaka, Bwana Koome, mtu wa Meru aliyehamishiwa huku mwaka uliopita, alifunua karatasi zake. Alikuwa na haraka; kesi zilikuwa zimejaa. Akauliza kwa Kiingereza: "Mzee, umeiambia mahakama kwamba ulimwona *the man* kisimani. Je, huyo mtu alikuwa amevaa nini?"

Hapo Ugbad akakwama. Kwa Kisomali alikuwa na njia mbili tu. Angesema *nin*, mtu fulani asiyejulikana, asingekuwa ametafsiri alichosema Bwana Koome. Angesema *ninka*, yule mtu, mtu ambaye sote hapa tunamjua, basi Mzee Adow angejibu habari ya mavazi kwa nia njema, na yule mtu angekuwa Diba, kwa kuwa ukumbini hakukuwa na mtu mwingine wa kuelekezewa kidole.

"Mkalimani, tunakungoja," alisema Hakimu Wanji.

Ghafla Ugbad akajiona yuko darasa la sita, shule ya bati huko Habaswein, vumbi likiingia dirishani, na Mwalimu Mutanu amesimama ubaoni akiwa amechoka.

Mwalimu Mutanu alikuwa mwanamke aliyetoka Ukambani. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwacheka walipoomba "benseli" badala ya penseli. Lakini wiki hiyo *a* na *the* zilikuwa zimemshinda. Alieleza, akaeleza tena, nao wakaendelea kuzibandika popote walipoona nafasi, au kuziacha kabisa.

"Sikilizeni," alisema mwishowe. "*A* ni mgeni anayebisha hodi, hujamjua ni nani. *The* ni mtu mliyekwisha salimiana naye. Mimi mwenyewe nilihangaika. Kikamba hakina kitu hiki, Kiswahili nacho hakina. Nilijifunza kwa taabu."

Ugbad alinyoosha mkono. "Mwalimu, sisi tunayo."

"Mnayo nini?"

"Hiyo *the*. Lakini yetu haikai mbele, iko mkiani. *Nin* ni mtu tu. *Ninka* ni yule mtu. *Buug* ni kitabu, *buugga* ni kile kitabu."

Kila mtoto akaanza kuonja maneno ya nyumbani kwao kana kwamba anayasikia mara ya kwanza. Mwalimu Mutanu aliweka chaki chini. Akaja akaketi kwenye dawati, katikati ya wasichana, magoti yamegonga mbao.

"Haya," alisema. "Nifundisheni."

Kipindi kizima walimfundisha. Kuanzia siku hiyo alikuwa akipita sokoni akiweka *ka* kila mahali, hata pasipostahili. Aliomba maziwa akasema *caanoka*, wanawake wauza maziwa wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega, wakamsahihisha, "*Caanaha*, mwalimu, *caanaha*!" Naye akacheka nao, akanunua, akarudi kesho yake na kosa jipya. Hakuna aliyeikosea tena *the* darasani humo.

Kisha ukaja mwaka ule wa hofu, wanamgambo wakiwashambulia wasio wenyeji, na walimu wa kutoka sehemu nyingine za nchi wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwalimu Mutanu aliondoka Jumamosi, shule imefungwa, na Ugbad hakupata kumuaga.

"Mkalimani!"

"Mheshimiwa," alisema Ugbad, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu, "siwezi kulitafsiri swali hilo kama lilivyo. Shahidi alisema *a man*. Swali linasema *the man*. Kwa Kisomali ni maneno mawili tofauti, na la pili litamwekea shahidi maneno ambayo hakuyasema."

Bwana Koome akatabasamu kwa kuchoka. "Mheshimiwa, hiyo ni sarufi tu. Maana ni ileile."

"Kwa mchungaji si ileile," alijibu Ugbad. "Naomba shahidi aulizwe mwenyewe."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Muulize. Alimwona mtu gani?"

Ugbad akamgeukia mzee, akamwita ami kwa heshima, akauliza kwa upole, "*Adeer*, ni *nin* au ni *ninka*?"

Mzee Adow alikunja uso kama aliyeulizwa iwapo maji yanalowesha. "*Nin*, mwanangu. Jua lilikuwa machoni mwangu. Niliona mgongo na shuka. Kijana huyu wameniletea polisi, sikumleta mimi."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Bwana Koome hakuwa mtu mbaya. Alikaa chini, akasugua paji la uso, na baadaye alikuwa wa kwanza kukubali kwamba hana shahidi mwingine wa kumtambua mshtakiwa. Kesi iliahirishwa, na iliposomwa tena Diba akaachiliwa. Sahara alimkuta Ugbad langoni, akamshika mikono miwili, machozi yakamtangulia.

Jioni hiyo Ugbad alipiga simu huku na huku, kwa walimu wa zamani na watoto wao, mpaka akapata namba ya mtu huko Mwingi.

"Mwalimu Mutanu? Ni Ugbad, wa Habaswein."

"Ugbad yupi? Yule mrefu aliyekuwa akilala darasani?"

"Huyo ni Fartun, mwalimu."

"Basi nisamehe, mwanangu, majina yamenitoka. Nyuso ninazo zote."

Ugbad alicheka, ingawa kitu kilimchoma kidogo. Akamsimulia habari za mahakama, polepole, bila kujitaja sana. Upande wa pili mwanamke mzee alisikiliza, akipumua karibu na simu.

"Na yule kijana yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Amerudi kwa ngamia wa baba yake."

"Ngamia." Mwalimu Mutanu alilitamka neno hilo taratibu. "Unajua, huku Mwingi maziwa ya ngamia yanaletwa na gari, yamekwisha chacha vibaya. Hayana ule moshi wa kibuyu kilichofukizwa. Niambie, maji ya Habaswein bado yana chumvi?"

"Bado, mwalimu."

"Nilikuwa nikiyalalamikia kila siku," alisema. "Hebu niambie na habari za wale wauza maziwa. Nani bado yuko?"

Ugbad akavuta kiti, akaanza na yule aliyekaa karibu na msikiti.