Ng'ombe Chini ya Barafu

"Weka hiyo sepetu chini," Bizimana alisema, na mkono wake ulikuwa umeshaudaka mpini.

Gwiza akaiachia. Alikuwa amechota mara moja tu, sepetu moja ya barafu kutoka mbele ya gari, lakini mkwaruzo wa chuma juu ya chuma ulisikika hadi nyumba ya tatu. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika dakika chache tu zilizopita na mtaa wote wa Gitega, hapa Kigali, ulikuwa mweupe, mifereji, vibaraza, migomba iliyochanika majani. Mabati ya nyumba ya jirani yao Béatha yalikuwa yameangusha mzigo wake wote kwa mkupuo mmoja juu ya Peugeot ya bluu iliyoegeshwa chini yake. Gari halikuonekana tena, ila vioo vya pembeni na kipande cha bampa.

"Mzee, nilikuwa nasaidia," Gwiza alisema. "Hii barafu iko nzito. Itabonyeza bati."

"Najua ulikuwa unasaidia. Umegusa wapi?"

"Hapa mbele. Kwenye boneti."

Gwiza alikuwa mtu mwema, fundi redio wa makamo aliyerudi kutoka Mbarara, Uganda, mwezi wa nane baada ya kuzaliwa na kukulia ugenini, na tangu ahamie nyumba ya pili alikuwa hapiti kwa Béatha bila kumchotea maji. Lakini mwema asiyejua kazi ana hasara zake. Na hakuna aliyekuwa amemwambia kilichokuwa juu ya ile boneti.

Béatha alikuwa mlangoni. Alisikia ule mkwaruzo kama wengine wote.

"Baba Yasmina," alimuuliza Bizimana polepole, "amegusa upande gani?"

"Tutaona, Mama Shimwa."

Siku hizi ni wachache waliomwita hivyo. Wengine waliona jina hilo linatonesha kidonda, wakamwita madamu, au wakakwepa kabisa. Bizimana alikuwa na msimamo wake: aliyezaa amezaa.

Chini ya barafu ile kulikuwa na ng'ombe. Shimwa alimchora mwezi wa tatu, akiwa na miaka mitano, kwa msumari aliouokota, juu ya rangi ya gari ambalo baba yake alikuwa amelihangaikia miaka tisa. Pembe zilikuwa ndefu kuliko mwili, na miguu ilikuwa sita, kwa sababu, alivyoeleza mwenyewe bila wasiwasi, ng'ombe huyo anatembea. Baba huyo, Silvère, mwalimu wa hesabu, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akalipeleka gari kwa jirani yake Bizimana, mwosha magari na mpiga polishi, ambaye kwa miaka ishirini mkono wake ulikuwa haujaacha alama kwenye gari la mtu.

"Nifutie hii kitu," Silvère alisema.

Ilikuwa Ramadhani na Bizimana alikuwa na njaa. Polishi inataka mkono, na mkono ulikuwa hauna nguvu. "Ngoja Idi yetu ipite," akamwambia. Idi ikapita, ikaja harusi ya mpwa wake kule mtaa wa Nyamirambo, ukaja mpira. Silvère akarudi. "Ngoja basi na Pasaka yenu ipite," Bizimana akasema. "Lete gari Jumatano jioni, Alhamisi nalishika mapema." Mkewe Mukabalisa alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mumewe anaumiza matumbo ya Gitega nzima.

Pasaka ikapita. Jumatano jioni Silvère akaleta gari. Alhamisi ilipopambazuka mauaji yalikuwa yameanza, na hapakuwa na mtu Kigali aliyekuwa anawaza polishi.

Familia ilikimbia; Silvère na Shimwa hawakurudi. Béatha alirudi mwezi wa saba, peke yake, akakuta nyumba haina mlango, haina kitanda, haina hata picha moja. Gari lilikuwa uani kwa Bizimana. Alikuwa amelitoa magurudumu na betri na kulipaka matope, na kila aliyechungulia aliona gofu tu akaenda zake. Siku Bizimana alipoosha yale matope ili amrudishie gari, alianza kuomba radhi: kazi aliyopewa na marehemu hakuifanya. Béatha hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinamia boneti, anafuata pembe kwa kidole.

Kitu pekee kilichobaki duniani kilichofanywa na mkono wa yule mtoto kilikuwa hicho. Uvivu ndio uliokiokoa, na Bizimana alikuwa hajajua bado kama aone haya au ashukuru. Mara nyingi alifanya yote mawili kwa pamoja.

Sasa akamweleza Gwiza, kwa maneno machache. Gwiza aliketi kwenye ngazi.

"Sikujua," alisema. "Mungu anajua, sikujua."

"Simama. Kazi ipo."

"Nichemshe maji tumwagie?"

"Maji moto kwenye kioo cha baridi? Utabaki na gari halina kioo. Weka mikono yako hivi."

Béatha alileta kitenge kikuukuu, wakakikunja mara nne. Bizimana alianzia juu ya paa, kwa sababu ukianzia chini utafanya kazi mara mbili. Mawe ya mvua, alimwonyesha Gwiza, yenyewe si adui. Adui ni vilivyoshuka nayo kutoka kwenye mabati, mchanga, magamba ya kutu, vijisumari. Ukiyaburuta unapiga gari msasa. Kwa hiyo huburuti. Unachota kwa viganja kutoka juu, unanyanyua, unatupa mbali, na ile ya chini kabisa, unene wa kidole, unaiacha ijiendee yenyewe.

Walifanya hivyo nusu saa, vidole vimekufa ganzi. Gwiza alinyanyua kila konzi kama anayebeba mayai. Walimaliza paa, wakamaliza vioo, wakafika mbele, wakapunguza mlima wa boneti hadi ukabaki utando mweupe. Hapo Bizimana akarudi nyuma.

"Hapa hatugusi tena."

"Nikipuliza?"

"Hata kupuliza. Tunangoja."

Mukabalisa alileta chai ya tangawizi na vikombe vinne, akaketi karibu na Béatha. Jua lilitoka juu ya Nyamirambo. Barafu ilianza kulia, tone moja kwenye bampa, kisha mengi. Béatha hakunywa chai yake. Alikuwa anaogopa, na hakuficha.

"Kama amekatika katikati," alisema, "sitaki kuona. Baba Yasmina, wewe utazame kwanza."

Zikatoka pembe. Ukatoka mgongo, na mkia uliosimama kama ufagio. Bizimana aliinama karibu, akatazama muda mrefu hadi Gwiza akafumba macho.

"Njoo, Mama Shimwa."

Ng'ombe alikuwa mzima. Chini yake, ukigusa kwato mbili za nyuma na kuishia kwenye taa, ulikuwa umepita mstari mpya wa sepetu, mweupe, mrefu, karibu umenyooka.

"Mzee," Gwiza alisema, "huu wangu hauwezi kufutika?"

"Unaweza. Lakini polishi haina macho. Ikila mstari wako itakula na miguu."

Béatha alikuwa bado ameinama. "Silvère alikuachia kazi," alisema. Hakuwahi kulitaja jambo hilo tangu mwezi wa saba. "Yeye alitaka yote ifutwe. Ulimwahidi."

"Nilimwahidi. Nilimwambia Pasaka ikishapita."

"Ilipita."

"Ilipita ile," Bizimana alisema. "Ziko nyingine zinakuja."

Mukabalisa aliguna, akasema mume wake ni yule yule. Béatha alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa upindo wa kitenge kilicholowa, uso ukazidi kulowa.

Alikausha boneti kwa kugusagusa, bila kusugua. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha samli, kama alivyofanya kila Jumamosi, kwa kuwa maji yakilala kwenye mkwaruzo yanaleta kutu. Akachovya kidole. Akapaka pembe moja, akapaka ya pili, mgongo, mkia, mguu mmoja mmoja hadi wa sita. Gwiza alikuwa amesimama kando, mikono mitupu, hajui aende au abaki.

Béatha alichovya tena, akaanzia kwenye taa, akaupaka na ule mstari mrefu, wote, mpaka kwenye kwato.